Kwa nini Windows inakataa folda inayoitwa CON, na DOS ilichukua nini kwa CP/M

SWALI: Habari za kazi kaka. Nasoma diploma ya ICT mwaka wa pili. Juzi nilitaka kutengeneza folda ya mikataba niiite con, Windows ikagoma kabisa. Nikauliza darasani nikaambiwa hayo ni mabaki ya DOS, na mwenzangu akaongezea kwamba DOS yenyewe iliibwa kutoka mfumo unaoitwa CP/M. Nikaenda kutafuta nikakutana na majina kibao, CP/M, CP/M-86, QDOS, PC DOS, MS-DOS, DR DOS, nikazidi kuchanganyikiwa. Hivi vyote ni kitu kimoja? Na kweli iliibwa? Na kuna namna ya kuzijaribu leo?

JIBU: Salama ndugu yangu. Umeuliza swali ambalo mimi nalipenda sana, maana watu wengi wakigomewa na CON wanabadilisha jina wanaendelea na mambo yao.

Kwa kifupi kwanza halafu tuingie ndani. CP/M ndo ya mwanzo, mfumo endeshi wa Gary Kildall. QDOS iliandikwa upya na mtu mwingine kabisa, Tim Paterson, kwa prosesa nyingine, ila akafuata namna ileile ambayo programu huongea na CP/M. PC DOS na MS-DOS ni hiyohiyo QDOS baada ya Microsoft kuinunua, moja ikauzwa na IBM na nyingine ikauzwa na Microsoft kwa kila aliyetaka. DR DOS ndo inachekesha kidogo, hiyo imetoka kwenye kampuni ya Kildall mwenyewe, yani CP/M imezunguka miaka mpaka ikaja kujifunza kuwa DOS. Kuhusu wizi, msimamo wangu ni kwamba msimbo haukuibwa, kilichochukuliwa ni mpangilio wa milango, yani njia ambazo programu hutumia kuuomba mfumo uifanyie kazi, na hilo ni jambo tofauti sana, utaliona mbele.

Kildall alikuwa anafundisha chuo cha jeshi la majini, Naval Postgraduate School, Monterey, California, na huku anafanya kazi za ushauri kwa Intel, ambako aliwatengenezea lugha ya kuandikia programu iitwayo PL/M. Shida yake ilikuwa moja tu, alitaka kuandika programu za 8080, prosesa ya Intel, juu ya 8080 yenyewe bila kutegemea kompyuta kubwa, na kwa hilo unahitaji mahali pa kuhifadhi faili. Akapata driva ya flopi ya inchi 8 ya Shugart, ila hakuwa na sakiti ya kuiongoza, rafiki yake John Torode akamjengea, na mwaka 1974 kitu kikawaka. Mashine yenye memori ya kilobaiti 16 ilitosha kuiendesha, fikiria hiyo. Baadaye yeye na mkewe Dorothy wakafungua kampuni iliyokuja kujulikana kama Digital Research, pale Pacific Grove.

Sasa sikiliza hapa maana ndo kiini cha habari yote. Mwanzoni CP/M ilikuwa imeshikamana na aina moja ya kontrola ya diski. Kila mtengenezaji alikuwa na kontrola yake, kibodi yake, skrini yake, na kila mmoja akitaka CP/M ilibidi uingie kwenye msimbo uanze kurekebisha huku na kule. Glen Ewing wa kampuni ya IMSAI alipomwendea Kildall kutaka CP/M iende kwenye mashine zao, Kildall akachoka na hiyo biashara ya kuhariri kila mara, akachukua sehemu zote zinazogusa chuma akaziweka pembeni peke yake, akaiita BIOS. Ndiyo, jina hilo unalolijua leo limeanzia hapo. Juu ya BIOS ikakaa BDOS, hiyo inashughulika na faili na haijui kabisa diski ni ya nani, na juu yake CCP, ile inayosoma komandi zako. Kwenye CP/M 2.2 BIOS nzima ilikuwa na milango 17 tu, soma sekta, andika sekta, sogeza treki, pokea herufi kwenye kibodi, tuma herufi kwenye skrini, basi. Ukiwa na mashine mpya unaandika hivyo 17 na kila programu ya CP/M duniani inafanya kazi kwako.

Mimi nadhani hakuna uamuzi wa kiufundi uliobadilisha kompyuta ndogo kuliko huo. Kabla yake aliyeandika programu aliandikia mashine, baada yake aliandikia mfumo. WordStar, programu ya kuandikia, na dBase II, ya kuhifadhi kumbukumbu, zikauzwa kwa wenye kompyuta za Osborne 1, Kaypro, na hata Apple II, ambayo prosesa yake haikuwa hata ya ukoo huo, ila Microsoft mwaka 1980 walitoa kadi yenye Z80, prosesa inayoendana na 8080, unaichomeka ndani unapata CP/M. (Flopi ndo zilikuwa kero, kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake wa treki na sekta, kwa hiyo programu ingeweza kukimbia kwenye mashine ya jirani lakini diski yako isisomeke pale.)

Aina zenyewe sitazipitia zote. Kuna 1.4, kuna 2.2 ya mwaka 1979 ambayo ndo watu wengi wakisema CP/M wanamaanisha hiyo, kuna MP/M ya watumiaji wengi kwa pamoja, kuna CP/M Plus ya 1983 iliyojua kutumia memori zaidi ya kilobaiti 64 na ikaingia kwenye Amstrad PCW na Commodore 128. Halafu kuna zile zilizotengenezwa na wengine zikiiga, Cromemco walikuwa na CDOS, na Ujerumani Mashariki Robotron walikuwa na SCP.

Tukija kwa DOS. Intel walitoa 8086 mwaka 1978, prosesa ya biti 16, na kampuni ndogo ya Seattle Computer Products ikaanza kuuza bodi za 8086. Kuuza bodi bila mfumo endeshi ni shida, CP/M-86 ilikuwa imeahidiwa ila inachelewa, wakasubiri wakachoka, kijana wao Tim Paterson mwaka 1980 akakaa akaandika wake, akauita QDOS, baadaye 86-DOS. Yeye hakutaka kubuni dunia mpya, alitaka programu za CP/M zihamie haraka. Intel walikuwa na namna ya kugeuza msimbo wa asembli (lugha ya amri za prosesa yenyewe) wa 8080 uwe wa 8086 karibu moja kwa moja, kwa hiyo kama mfumo mpya utaitikia maombi yaleyale kwa namba zilezile, mwenye programu anageuza, anarekebisha kidogo, anauza.

Na namba ni zilezile kweli. Kwenye CP/M unaweka namba ya kazi kwenye rejista C (rejista ni kijisehemu cha kuhifadhi ndani ya prosesa), anwani kwenye DE, unaita anwani 5. Kwenye DOS unaweka namba kwenye AH, anwani kwenye DX, unaita INT 21h. Kazi namba 1 inasoma herufi, 2 inatuma herufi, 9 inaandika sentensi nzima mpaka ikutane na alama ya dola, na hiyo dola ipo kote kuwili! Kufungua faili ni 15, kufunga 16, kusoma 20, kuandika 21, CP/M na DOS sawasawa. Programu ya CP/M inapakiwa kuanzia anwani 0100h, faili la .COM la DOS nalo linaanzia 0100h, na ukichungulia anwani ya 5 ndani ya ile sehemu DOS inayoitenga mwanzoni mwa kila programu utakuta mlango umewekwa pale, kwa ajili ya programu zilizohamishwa ambazo bado zinaita 5. Majina ya herufi 8 na 3, A: na B:, DIR, REN, TYPE, vyote vimetoka huko. Ndo maana pia diski yako ni C, maana A na B zilishikwa na flopi na diski ngumu ilipokuja ikachukua iliyofuata.

Lakini ukifungua ndani ni vitu viwili tofauti. CP/M huandika orodha ya vipande vya faili ndani ya direktori yenyewe, Paterson akatumia FAT, jedwali moja la diski nzima linaloonyesha vipande vya kila faili, wazo alilolitoa kwenye BASIC ya diski ya Microsoft. CP/M inahesabu ukubwa wa faili kwa vipande vya baiti 128, haijui baiti ya mwisho ya maandishi iko wapi ndo maana wakaweka Ctrl-Z kama alama ya mwisho, DOS inajua ukubwa mpaka baiti moja ila ile Ctrl-Z ikabaki kwa mazoea. Na kwenye CP/M ukibadilisha flopi bila kubonyeza Ctrl-C, mfumo unakataa kuandika, mtu amechapa barua nzima anaambiwa diski ni ya kusoma tu. Paterson hilo alilishughulikia. Kwa hiyo anayesema iliibwa aonyeshe msimbo ulionakiliwa, haupo. Ila anayesema Kildall hakupewa heshima yake, huyo niko naye upande mmoja, maana kubuni milango ni kazi ngumu kuliko kuandika kinachokaa nyuma yake, na yeye ndo aliibuni.

Biashara yenyewe unaijua pengine. IBM walikwenda kwa Kildall mwaka 1980, mazungumzo hayakufika, Microsoft wakasema sisi tunao mfumo, wakachukua leseni ya 86-DOS kwa dola 25,000, na Julai 1981 wakanunua haki zote kwa dola 50,000 nyingine. IBM PC ikatoka Agosti 1981. Kildall alipolalamika IBM wakakubali kuuza na CP/M-86 pia, ikaja miezi kadhaa baadaye, lakini PC DOS ilikuwa dola 40 na CP/M-86 dola 240. Kwa bei hizo mteja wa dukani hakuwa na cha kufikiria.

Sasa CON yako. Kwenye CP/M, CON: lilikuwa jina la konsoli, yani kibodi na skrini, ila lilieleweka na programu chache kama PIP ya kunakili. DOS ikalipandisha cheo, ukiandika CON mahali pa jina la faili mfumo wenyewe unajua ni konsoli. Toleo la kwanza halikuwa na folda kabisa kwa hiyo hapakuwa na tatizo. Machi 1983 ikaja 2.0 na folda zake, na hapo wangeweza kuyaweka hayo majina kwenye folda moja maalumu kama Unix inavyofanya na /dev, ila programu za zamani hazikujua folda ni nini, zingevunjika, basi wakaamua CON, PRN (printa), AUX (mlango wa ziada) na NUL (kifaa tupu) viwepo ndani ya kila folda. Hata CON.TXT ni vilevile, kwa sababu kulikuwa na programu zinazobandika kiambishi zenyewe bila kukuuliza. Windows ikarithi. Kwa hiyo folda yako imegomewa kwa ajili ya programu za 1981, na mimi siwalaumu, mtu aliyelipia programu yake ana haki ya kuikuta inafanya kazi kesho.

Kitu kimoja ambacho hukukiuliza lakini bila hicho hutaelewa kwa nini MS-DOS zilikuwa nyingi halafu zikabaki moja. DOS nayo iligawanywa vipande vitatu, IO.SYS, MSDOS.SYS na COMMAND.COM, ukiweka pembeni ya BIOS, BDOS na CCP ni mgawanyo uleule. Kila kampuni iliandika IO.SYS yake, ndo maana kulikuwa na MS-DOS ya Victor 9000, ya DEC Rainbow, ya Tandy 2000, mashine ambazo hazifanani na IBM PC hata kidogo. Ilipaswa kufanya kazi kama CP/M ilivyofanya. Ila kuandika kwenye skrini kupitia DOS kulikuwa taratibu mno, na Lotus 1-2-3, programu ya majedwali ya hesabu, ilipokuja 1983 ikaruka DOS ikaandika moja kwa moja kwenye memori ya skrini ya IBM. Watu wakaipenda kwa kasi yake, na tangu siku hizo mashine isiyofanana na IBM mpaka kwenye chuma ikawa haiuziki, hata iwe bora namna gani.

DR DOS sasa. Digital Research waliendelea kuikuza CP/M-86, ikawa Concurrent CP/M, ikaongezewa uwezo wa kuendesha programu za DOS ikaitwa Concurrent DOS, na 1988 wakatoa DR DOS kamili. Toleo la 5.0 la mwaka 1990 lilikuwa zuri kweli kwenye kupanga memori, MS-DOS 5.0 ikafuata 1991. Mwaka huohuo Novell wakainunua kampuni, na toleo la majaribio la Windows 3.1 likakutwa na msimbo uliofichwa unaotoa ujumbe wa kosa ukiona DOS iliyo chini yake si ya Microsoft. Caldera, waliokuja kuwa wamiliki, wakashtaki 1996, wakamalizana nje ya mahakama Januari 2000. Kildall alikuwa ameshafariki, 1994.

Kujaribu ni rahisi. Kwa DOS chukua FreeDOS, ni huru, iliyoanzishwa na Jim Hall mwaka 1994, iweke kwenye mashine pepe, yani kompyuta ya kuiga ndani ya kompyuta yako. Kwa CP/M kuna RunCPM, inakimbia kwenye kompyuta ya kawaida na hata kwenye bodi ndogo ya ESP32. Msimbo wa MS-DOS 1.25, 2.0 na 4.0 Microsoft wameuweka wazi, na wa CP/M nao unapatikana. Anza na zoezi hili, andika kwa asembli programu ndogo inayotoa jina lako kwa kazi namba 9, mara moja kwa CP/M na mara moja kwa DOS, usisahau alama ya dola mwishoni, halafu ziweke pembeni uzilinganishe mstari kwa mstari. Ukikwama kwenye rejista niandikie tena uweke na msimbo wako.