RPM kupanda baada ya kusafisha throto

Mkuu, unasema umesafisha throto (kilango kinachopitisha hewa kwenda kwenye injini) na sasa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) imepanda hadi 1,500 gari likiwa limesimama; hiyo ni kawaida, hujaharibu kitu. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) ilishazoea kufungua throto zaidi kidogo kufidia njia iliyozibwa na masizi. Sasa masizi yametoka, hewa imezidi, ndiyo maana RPM imepanda. Kwa Toyota nyingi, ili kontroli boksi isahau mazoea hayo, chomoa waya hasi wa betri dakika 10, rudisha, washa bila kukanyaga mafuta, AC ikiwa imezimwa, iache ingurume mpaka ipate moto. Yangu ilitulia hivyo hivyo. Nissan mara nyingi hugoma, mpaka fundi aifundishe upya kontroli boksi kwa mashine ya kupimia. Na tafadhali sana, throto ya umeme usisukume kisahani chake (kinachofungua na kufunga njia ya hewa) kwa kidole wakati swichi iko on: gia zake za ndani ni za plastiki, zinavunjika.