Shawa jeli ya wanaume: kabla hujatoa hela yako

Matangazo ya shawa jeli za wanaume yote yana wimbo mmoja: ukiogea hii, utanukia kiume kutwa nzima. Niliichukua mojawapo kati ya zinazotangazwa sana nikaiogea mpaka chupa ikaisha. Jina lake naliacha, kwa sababu nitakayoyasema yanazigusa karibu zote.

Nianze na harufu, maana ndiyo inayouzwa. Bafuni inanukia vizuri mno, mpaka walioko sebuleni wanajua kuna mtu anaoga. Ila manukato hayo yamewekwa kwenye kitu cha kusuuzwa, na ukijimwagia maji, mengi yanakwenda nayo. Nikifika Kariakoo asubuhi hiyohiyo na kunusa mkono wangu, sisikii kitu. Tena kikwapa hakiondolewi na manukato. Jasho lenyewe likitoka halina harufu kali. Bakteria wanaoishi kwapani ndio wanaolivunja na kuleta ile harufu. Sugua kwapa vizuri kwa sabuni yoyote, likaushe, paka diodoranti.

Nguvu ya hizi jeli iko kwenye tangazo, na mfano mkubwa ni Old Spice ya Marekani. Jina hilo lilianza mwaka 1937 kwa bidhaa za wanawake, za wanaume zikafuata 1938. Mwaka 2010 likaja tangazo la mwigizaji Isaiah Mustafa, kifua wazi, taulo kiunoni, akiwaambia kina mama waache kuwaacha waume zao waogee jeli zenye harufu ya kike. Dunia nzima ililiona. Mimi nawashauri mgeuze chupa msome nyuma. Weka ya kiume na ya kike pamoja: maji kwanza, halafu mara nyingi sodiamu laurethi salfeti ya kuleta povu, betaini ya kulilainisha, chumvi ya kuifanya jeli iwe nzito, kisha manukato na rangi. Kinachobadilika sana ni hivyo viwili vya mwisho, na chupa.

Sasa, kuna mahali jeli ilinisaidia kweli, na tangazo halikutaja kabisa: maji ya kisima. Huku kwetu Mbagala wengi tunaogea maji ya chumvi. Sabuni ya kipande kwenye maji hayo inagoma kutoa povu, inaganda kama maziwa yaliyokatika na kuacha utando kwenye beseni na kwenye ngozi. Chanzo ni madini ya kalsiamu na magnesiamu yanayoshikana na sabuni. Visafishaji vya kwenye jeli havinaswi hivyo. Nilitia tone la ukubwa wa sarafu kwenye dodoki, nikalifinya mara kadhaa, povu likatosha mwili mzima. Miguu nayo ikaacha kupauka kama zamani. Hilo nalielewa: sabuni ya kipande huwa na pH (kipimo cha asidi na alkali, katikati ni 7) ya 9 hadi 10, wakati ngozi yetu iko karibu na 5, na jeli nyingi hutengenezwa zikiwa karibu na ngozi.

Anayeogea ndoo na kopo apunguze kipimo. Jeli hizi zimetengenezwa kwa ajili ya maji yanayotiririka muda wote, kwa hiyo ukijipaka nyingi, ndoo inaisha na mgongo bado unateleza. Tumia dodoki, usimimine kiganjani. Kiganjani nusu yake inadondokea sakafuni kabla haijatoa povu, na chupa haifiki mwisho wa mwezi.

Wenye ngozi inayowasha haraka au yenye pumu ya ngozi mjihadhari zaidi. Manukato ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha mzio wa ngozi mara nyingi, na jeli za wanaume huwa zimejazwa manukato makali. Ukiona vipele au mwasho, acha mara moja, usisubiri chupa iishe kwa kuionea huruma hela. Sehemu za siri zioshe kwa maji tu.

Kwa hiyo kama unapata maji laini ya bomba na ngozi yako haikusumbui, hela hiyo nunulia diodoranti nzuri. Kama maji yako ni ya kisima, jeli chukua, lakini tafuta isiyo na manukato au yenye machache, hata ikiwa imepangwa kwenye rafu ya wanawake au ya watoto.