Nyota moja kwenye chipsi zangu: maswali yenu kuhusu rivyu za wateja

Haya wapambanaji wa guta, toroli, bajaji na magari ya chakula, maswali yenu nimeyapata na karibia yote yanazunguka palepale: mteja kaandika kitu mtandaoni, mimi nifanyeje. Twende moja moja.

*Dada habari, nina guta la chipsi na mishkaki Mwenge. Kuna mtu katupa nyota moja kwenye Google Maps, kaandika "chipsi zimelowa mafuta, nimekaa zaidi ya nusu saa, dada wa pale yuko bize na simu." Nimeumia sana, nataka nimpe makavu yake. Nimjibu au ninyamaze?*

Pole kwanza, maana najua mtu unaamka mapema kumenya viazi halafu mwingine anakumaliza kwa sentensi moja. Mjibu, ila sio leo ukiwa na hasira, lala kwanza uandike kesho. Na hiki ndo kitu nataka mkishike wote: yule aliyeandika ameshakula na ameshaondoka, anayesoma jibu lako ni mtu mwingine kabisa, yupo kwenye daladala ana njaa, kaandika "chipsi karibu nami", kaona nyota zako na kashuka moja kwa moja kwenye rivyu mbaya kwa sababu wengi wetu ndo tunavyofanya, tunaanza na mbaya. Huyo ndo unamwandikia. Akikuta umempa mtu makavu, anahama kijiwe.

Lakini kabla hujagusa simu nenda kwenye karai. Chipsi kulowa mafuta mara nyingi ni mafuta hayajapata moto vizuri, au yalipata moto ila foleni ilikuwa ndefu mkajaza viazi vingi kwa mkupuo mmoja, joto likashuka, viazi vikawa vinachemka ndani ya mafuta badala ya kukaangika. Sasa angalia, hilo la mafuta na lile la kusubiri ni tatizo moja, jioni watu wanajaa na karai ni moja. Kaangeni kidogo kidogo, viazi vikaushwe maji kabla ya kuingia, na kama hela inaruhusu ongeza karai la pili kwa zile saa za fujo. Na la simu ongea na binti kwa utaratibu, sio mbele ya wateja, inawezekana kabisa alikuwa anapokea oda za WhatsApp ila mteja hawezi kujua hilo.

Ukishafanya hayo ndo unaandika, mfano hivi: "Pole sana, chipsi zilizolowa mafuta hazipaswi kutoka kwetu. Jioni tunazidiwa, kwa hiyo tumeongeza karai na oda za simu sasa zina mtu wake. Ukipita tena jitambulishe tu nikuhudumie mwenyewe." Basi. Usiweke ile ya "asante kwa maoni yako, tutayafanyia kazi", kila mtu ameshaiona na hakuna anayeiamini. Taja kitu kilichobadilika, na kama hakijabadilika usikitaje.

*Sisi tuna gari la chakula, Jumatatu mpaka Alhamisi tunapaki Posta, Ijumaa na wikiendi tunahamia Mikocheni. Watu wanatupa nyota moja kwa sababu wamefika hawajatukuta! Hata chakula hawajaonja. Hii ni haki kweli?*

Kwa upande wao ni haki. Mtu katoa nauli, kapigwa jua, kafika kakuta sehemu tupu, kwake hiyo ndo huduma aliyopata. Sisi tunaohamahama hili ndo jeraha letu kubwa kuliko hata ladha, na uzuri ni kwamba linatibika bila kugharamia sana.

Kwenye wasifu wenu wa Google, yaani ule ukurasa wa biashara unaotokea kwenye Google Maps, pini ya mahali ikae pale mnapokaa siku nyingi, yaani Posta, na masaa yawe ya Posta tu, Ijumaa hadi Jumapili iandikeni mmefunga kwa pale. Halafu kwenye maelezo ya biashara andikeni ratiba kwa maneno, siku gani mpo wapi kuanzia saa ngapi. Kuna sehemu ya masaa maalumu, itumieni siku za sikukuu na siku gari liko gereji. Kila asubuhi mkishapaki, piga picha ya gari na kitu kinachotambulika nyuma yake, weka stetasi ya WhatsApp na Instagram, "leo tupo hapa mpaka saa tisa". Picha ya zamani usirudie, watu wanagundua. Na namba mliyoweka ipokelewe! Mtu aliyepotea akipiga ikaita tu hadi ikakatika, hiyo nyota moja mmeiandika wenyewe.

Mkihamishwa ghafla na mgambo, najua inatokea, posti iende dakika hiyohiyo kabla hata ya kupanga sufuria mahali papya, na mwachieni jirani wa pale mlipotoka, wakala au muuza vocha, karatasi yenye namba yenu. Zile rivyu za nyuma zijibuni moja moja kwa upole mkiweka ratiba ndani ya jibu, atakayesoma baadaye atapata anachotafuta.

*Sasa dada, niko Kayole, Nairobi, nauza smokie (zile soseji) na mayai pasua kwa toroli. Naeza mpea kastoma smokie moja ya bure akiniwekea nyota tano? Na mabinamu wangu pia wako redi kuandika.*

Hapana kwa yote mawili. Google inakataza kutoa zawadi au punguzo ili mtu aandike rivyu, na inakataza biashara kujiandikia au kuandikiwa na watu wenye maslahi nayo. Wakigundua wanazifuta, na hata wasipogundua wao, wateja wanagundua, rivyu nane za siku moja zote zinasema "best smokie in town" zinanuka kwa mbali. Hata ule mtindo wa kuwaomba wateja waliofurahi tu na kuwakwepa walionuna nao umekatazwa.

Kuomba kwenyewe ruksa. Ombeni kila mtu, na muda mzuri ni pale M-Pesa imeingia na mteja anatafuna, sio baada ya wiki. Print QR ya rivyu zako, ipo bure kwenye wasifu wako wa Google, ibandike kwenye toroli karibu na till namba (ile ya kulipia M-Pesa), halafu sema tu "ukipata nafasi niandikie vile umeona, hata kama kuna kitu hujapenda." Hesabu yenyewe iko hivi: ukiwa na rivyu 4, tatu za nyota tano na moja ya nyota moja, wastani wako ni 4.0. Ukiwa na 40 na mbaya ni hiyohiyo moja, uko 4.9.

*Mimi ni mama lishe, napeleka pilau na kuku maofisini kwa bajaji. Mteja kaandika Facebook kwamba ameharisha baada ya kula chakula changu. Wengine wote wamekula hawajaumwa. Nimwambie hivyo?*

Mama, usimwambie hivyo, hata kama ni kweli. Hapa tuache biashara pembeni kidogo, kuna mtu anaumwa.

Kwanza mpigie au mtumie ujumbe leo, muulize hali yake, kama bado ni mbaya aende hospitali. Muulize alikula nini na saa ngapi, hilo la saa ni muhimu sana. Kama kuna chakula cha mzigo uleule kimebaki, kisitoke tena. Halafu wapigie wateja wako wengine watatu wanne wa siku ile uwaulize, maana kutolalamika sio kwamba hawakuumwa.

Hadharani andika kifupi: "Pole sana kwa kuumwa. Nimekutafuta inbox, naomba namba yako niongee na wewe leo, nafuatilia chakula cha siku hiyo." Usikane na usikiri kitu ambacho bado hujakijua.

Sasa pilau lenyewe. Kwenye mchele kuna bakteria ambao mbegu zake zinahimili kuchemka, chakula kikikaa vuguvugu kwa muda mrefu zinaamka, bakteria wanazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo hata upashe tena haiondoki. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 hadi kiliwe, na kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kwa hiyo jiulize, pilau lilipakuliwa saa ngapi, likazunguka na bajaji kwenye foleni mpaka saa ngapi? Hotpoti zinafunga vizuri? Na kachumbari ilioshwa kwa maji gani, maana kuna siku tunalaumu nyama kumbe ni nyanya. Ukipata jibu rudi ueleze umebadilisha nini. Ukikuta chakula chako hakikuwa na shida, bado umwambie pole.

*Nina uhakika nyota moja niliyopewa ni ya jirani yangu anayeuza chakula kama changu. Nafanyaje?*

Iripoti kwa Google, bonyeza vile vidoti vitatu kwenye rivyu na uchague sababu, mgongano wa maslahi ipo. Wakikataa kuna nafasi ya kukata rufaa. Ila wanaondoa zinazovunja sheria zao tu, kukuuma peke yake sio sababu. Usimtaje jirani hadharani hata kama una uhakika, jibu hivi: "Tumeangalia oda zetu hatujaipata hii, naomba utupigie tujue ilikuwa lini." Msomaji anaelewa.

*Nipo Forodhani, Zanzibar. Watalii wanaandika kwa Kiitaliano na Kijerumani, nijibu kwa lugha gani?*

Andika Kiswahili chepesi au Kiingereza chepesi, Google Maps inatafsiri. Sentensi fupi, bila misimu. Na kama wanalalamikia bei, weka ubao wa bei unaosomeka kabla mtu hajashika sahani.

*Wateja wangu wananisifia WhatsApp tu. Naweza kuposti skrinshoti?*

Omba ruhusa kwanza, na ukishapewa ficha jina, picha na namba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya wana ya kwao ya 2019, namba ya mtu sio ya kurusha ovyo. Wakati unaomba ruhusa mtumie na linki ya Google, mwambie maneno hayohayo aliyokuandikia ayabandike na kule.