Meli ya Rubens, ghuba ya Manza, 1915

Umeuliza kama Wajerumani wa huku Afrika Mashariki, katika Vita Kuu ya Kwanza, walipata msaada wowote kwa meli baada ya Waingereza kuziba pwani. Ndiyo, walipata. Rubens ilikuwa meli ya mizigo ya Waingereza, vita ilipoanza ikakamatwa Hamburg. Mwanzoni mwa 1915 ikapelekwa Afrika Mashariki kwa jina bandia la Kronborg, ikijidai ya Denmark. Ilibeba makaa ya mawe ya manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyokwama Rufiji, na bunduki na risasi za jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku.

Aprili 1915 manowari ya Waingereza, Hyacinth, iliikuta karibu na Tanga. Nahodha wa Rubens, Carl Christiansen, akaingia ghuba ya Manza na kuizamisha mwenyewe kwenye maji mafupi. Sitaha ikawaka moto, Waingereza wakaamini imekwisha, wakaondoka. Shehena ikaopolewa. Risasi zilizolowa zilifunguliwa moja moja, baruti ikakaushwa.

Makaa hayakufika Rufiji, na Königsberg iliangamizwa Julai mwaka huohuo. Bunduki ndizo zilizorefusha vita, na waliolipia zaidi ni wapagazi na wanavijiji wetu, ambao hawatajwi vya kutosha.

Machi 1916 meli nyingine ya kuwasaidia Wajerumani, Marie, ilifika ghuba ya Sudi, Lindi.