Miaka Kumi na Moja Nikitafunia Upande Mmoja

Juzi dada mmoja kaniandikia usiku wa manane. Gego linampiga tangu Jumatatu, ameshaweka karafuu, ameshasukutua kwa maji ya chumvi, na duka la dawa la mtaani kwao limeshamuuzia diklofenaki mara mbili. Anauliza: "Dada, nikaling'oe au nisubiri kidogo?" Nilicheka, halafu nikajionea haya, maana hiyo "nisubiri kidogo" ndiyo iliyonila miaka kumi na moja.

Niliharibikiwa mwaka 2013. Nilikwenda kutazamwa jino mahali fulani hapa hapa Tanga, jina silitaji. Aliyenipokea akanifungua mdomo, akarudi nyuma hatua moja, akamwita mwenzake: "Njoo uone." Wakaona wote wawili. Mlango uko wazi, na nje kwenye benchi kakaa jirani yetu wa Ngamiani, Barabara ya 12. "Binti mzuri hivi, mdomo mbona umeuacha hivi?" Ganzi ikachomwa, haijashika vizuri, koleo likaingia. Mji huu wa baiskeli bwana; habari ya mdomo wangu ilifika nyumbani imepakiwa nyuma ya baiskeli, mimi bado niko njiani kwa miguu, nimeuma pamba.

Maumivu niliyasahau ndani ya wiki. Ile "njoo uone" bado ninayo.

Kwa hiyo ukiniambia watu hawaendi kwa daktari wa meno kwa kuogopa sindano, nakukatalia. Nimezaa watoto wawili, sindano ni kitu gani kwangu? Nilichoogopa ni kusemwa. Na msiniletee ile ya mficha maradhi, naijua tangu darasa la tatu na nilificha vile vile.

Miaka iliyofuata haina mengi. Nilitafunia kushoto. Kashata nilimenya kwa vidole kama mtoto, na kwenye picha za harusi nilitabasamu mdomo umefumbwa mpaka mawifi wakasema naringa. Karafuu ya Pemba haikukosa kwenye pochi, na kweli inatuliza, mafuta yake yanatia ganzi kidogo. Lakini shimo halijui kwamba umetulia.

Ramadhani iliyopita nikafuturu kwa tende, nikashushia juisi ya ukwaju yenye barafu. Lilinipiga mpaka sikioni. Usiku kucha nazunguka chumbani, kulipokucha shavu limeumuka kama hamri. Mume wangu hakusema neno, aliita bajaji.

Daktari alikuwa kijana mdogo. "Shikamoo mama." Nikamwahi kabla hajanisema: "Marahaba. Mdomo wangu mbaya, najua, na naomba ufunge mlango." Akaufunga. Akasema wenye meno mazuri hawaonekani sana pale kwake, nifungue tu.

Akapiga picha, akanieleza taratibu. Hakuna mdudu anayetafuna jino. Ni bakteria walio kwenye ukoga: wanakula sukari tunayokula sisi, wanatoa asidi, asidi inayeyusha ganda la juu. Ganda lile halina neva, ndiyo maana huanza kuoza wewe huna habari. Kuoza kukifika kwenye kiini, palipo na neva na damu, kuziba tu hakutoshi tena. Langu lilishapita huko, likang'olewa. Mawili yakazibwa. Kisha akakwangua ugaga, yaani ukoga ulioganda kwenye meno, na nilipopitisha ulimi nyuma ya meno ya chini nikakuta mianya niliyokuwa nimesahau kama ninayo.

Akaniambia pia kwamba penye usaha ganzi huwa ngumu kushika. Labda 2013 haukuwa uzembe mtupu. Sijamsamehe, lakini labda.

Sasa nisikilizeni. Nenda kabla halijauma. Ukifika, sema mwenyewe kwamba unaogopa, usingoje wakugundue. Ukitaka mlango ufungwe, omba. Mswaki mara mbili kwa siku, dawa yenye floridi, na ule wa usiku usiuruke, maana ukilala mate yanapungua na mdomo unakosa wa kuusafisha. Shavu likivimba na homa juu, au ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, hiyo si ya kungoja asubuhi. Na nenda kabla halijauma. Nimeshasema? Nasema tena.

Mnaniambia hela hakuna. Idi hii nimehesabu vijora vipya kwenye uwanja wetu, nikaacha kuhesabu. Kuziba meno yangu mawili kulinigharimu chini ya kijora, ushungi na viatu vyake. Lile lililong'olewa ndilo lililonitoa jasho, na pengo bado linadai. Watu wazima tunanunua nguo ya kufunika mwili mzima, halafu tunacheka kwa kiganja mdomoni. Tuone haya kidogo. Mimi nilianza.

Wiki iliyopita nimekula kashata kulia. Nzima, ya nazi, mbele ya mawifi.

Na wewe dada uliyeniandikia, usiku ule nilikujibu mstari mmoja: kesho saa mbili asubuhi uwe umekaa kwenye benchi. Naona tiki mbili za bluu. Jibu sijaona.