Majivu ya Baba na Mihugu ya Karura

SWALI: Mzee, salamu. Baba yetu alifariki Februari. Alikuwa mwalimu wa jiografia, na tangu astaafu alikuwa akitembea katika Msitu wa Karura, Nairobi, kila Jumamosi na fimbo yake. Aliacha barua akisema mwili wake uchomwe na majivu yapelekwe Karura, chini ya miti ya mihugu, yawe ukumbusho ulio hai badala ya kaburi la saruji. Tulimchoma kwenye tanuri la maiti la Lang'ata kama alivyotaka. Sasa majivu yamo ndani ya kisanduku kabatini kwangu. Ami zangu, Waanglikana wa Murang'a, wanasema tumemkosea adabu, na wanauliza shada la maua wataliweka wapi. Ndugu yangu mdogo anataka tununue mche, tuchimbe shimo, tumwage majivu yote humo na mti uote juu ya baba. Mimi naogopa kukamatwa na askari wa msitu. Tufanyeje?
Kifungua Mimba, Thika

JIBU: Binti yangu, pole sana. Kisanduku hicho kikikaa kabatini mwezi mmoja au miwili zaidi hakuna kitakachoharibika, kwa hivyo usikubali kuharakishwa na ami wala ndugu.

Nianze na shimo la ndugu yako, kwa sababu shimo kama hilo nimewahi kulichimba mwenyewe. Dada yangu mkubwa alichomwa mwaka 2009. Wakati huo nilikuwa nimefanya kazi ya misitu zaidi ya miaka 20, lakini huzuni ilinisahaulisha yote niliyoyajua. Tulichimba shimo shambani kwetu Nyeri, tukamwaga majivu yote, tukapanda mche wa muthiga juu yake. Wiki ya tatu majani yakaanza kukauka ncha. Wiki ya sita mche ulikuwa kijiti. Mama, ambaye alikuwa hai bado, aliketi kando ya kijiti kile akaniuliza kwa nini dada yangu amekataa. Sikuwa na la kumjibu.

Dada hakukataa kitu. Kosa lilikuwa langu. Majivu ya mtu si kama majivu ya jikoni tunayonyunyizia sukuma wiki. Moto wa tanuri hufika nyuzi 800 au zaidi, na kinachobaki ni mifupa, ambayo husagwa ikawa unga. Mtu mzima hutoa kilo mbili au tatu hivi. Unga huo ni kalisi na fosfati, una chumvi nyingi, na ni mkali kama chokaa. Nitrojeni, ambayo mche unaihitaji sana ili utoe majani, imekwisha kwenda na moshi. Ukiyarundika mahali pamoja yakapata maji, hushikana, na mizizi michanga ikigusa chumvi ile hukauka. Nilipofukua lile shimo nilikuta bonge la kijivu, gumu, na mizizi ya mche imepinda kulikwepa. Nililishika mikononi muda mrefu. Alikuwa dada yangu.

Tulilipondaponda, tukalichanganya na mboji ya majani karai kwa karai, tukatawanya chini ya mukinduri mkubwa uliokuwa mpakani mwa shamba kabla sisi hatujazaliwa. Mti huo haujanenepa kwa ajili yake, wala haujadhurika. Mwambie ndugu yako hivyo, kwa upole, maana anachotaka ni kizuri. Anataka baba aendelee kuishi ndani ya kitu kinachokua. Lakini mche mchanga hauwezi kubebeshwa mzigo huo. Msitu mzima unaweza.

Ndiyo maana nasema baba yenu alichagua vyema. Muhugu ni mti wa polepole. Mbao zake ni ngumu na nzito, wachongaji wa vinyago wameukata sana nchini, na kila ninapokuta muhugu mzima ambao haujaguswa na shoka husimama kidogo. Chini ya miti ya namna hiyo udongo umefunikwa na majani yaliyooza ya miaka na miaka, na kilo tatu za majivu zikitawanywa vizuri hupotea humo bila kudhuru kitu.

Kuhusu hofu yako ya kukamatwa, usiingie kimyakimya. Karura ni msitu wa umma, wenye hekta 1,041, chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, ambayo inausimamia pamoja na jumuiya ya Marafiki wa Msitu wa Karura. Sheria ya misitu ya 2016 inakataza kuwasha moto, kulima au kujenga humo bila kibali. Mwandikie barua afisa wa msitu. Taja jina la marehemu, siku mnayotaka, idadi ya watu, na useme wazi kwamba hamtachimba, hamtawasha mishumaa, hamtaacha kitu. Nimekaa upande wa pili wa meza ile miaka mingi. Barua iliyoandikwa hivyo husomwa kwa moyo laini kuliko mnavyodhani. Mkipewa masharti, yafuateni hata kama yanawabana. Msitu ule bado upo kwa sababu kuna waliokataa kila mtu ajifanyie apendavyo humo. Januari 1999 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, na wenzake walipigwa langoni pake wakijaribu kupanda miche, wakati sehemu za msitu zilikuwa zimegawiwa watu wajenge.

Na huyo Wangari ndiye utakayemtaja mbele ya ami zako. Alipofariki Septemba 2011 alikuwa ameagiza mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake. Alilazwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugumaji, akachomwa katika tanuri la Kariokor, Nairobi. Na kwa kuwa wao ni Waanglikana, wakumbushe Askofu Mkuu Manasses Kuria, aliyechomwa mwaka 2005, na kabla yake mkewe Mary, mwaka 2002. Hakuna anayesema Kuria alikuwa mpagani. (Wasomaji wangu Waislamu wataniwia radhi, najua kwao jambo hili halipo. Na Wakatoliki wazungumze na padri kwanza, kwa sababu mwaka 2016 Vatikani ilikataza majivu kutawanywa.)

Lakini swali la shada usilidharau. Ami zako wamempoteza ndugu, na mtu anahitaji mahali pa kusimama. Mimi ningetoa kikombe kimoja cha majivu, nikakizika Murang'a karibu na wazazi wake, mbele yao wote, mzee wa kanisa akiomba. Barua ya baba yenu haitakuwa imevunjwa. Wao watapata pao, nanyi mtapata penu.

Siku yenyewe nendeni katikati ya wiki, asubuhi, mvua ikiwa karibu kuanza. Changanyeni kikombe cha majivu kwa karai la udongo wa mle mle msituni, kwa idhini ya askari atakayewasindikiza. Msibebe udongo wa Thika, una mbegu za magugu. Tawanyeni kwa mkono, nyembamba kama mtu anayetia chumvi mbogani, mbali na shina, upepo ukiwa mgongoni. Msiyamwage mtoni. Msipigilie kibao kwenye mti, kwa kuwa tundu la msumari ni mlango wa ukungu. Makutano ya njia mle yana namba. Andikeni namba iliyo karibu, nayo itatosha kuwarudisha.

Kisha mpeni ndugu yako mche wake. Karura ina sehemu ambazo mikaratusi ya zamani inaondolewa na miti ya kienyeji kurudishwa. Ulizeni kama mnaweza kupanda hapo, bila majivu, na muwe tayari kurudi kupalilia misimu miwili au mitatu, kwa sababu miche mingi hufa kwa kusongwa na nyasi baada ya wapandaji kupiga picha na kwenda zao. Watoto wa dada yangu huja Nyeri kila Desemba. Huvua viatu vya mjini, huingia chini ya mukinduri ule na kung'oa miche inayoota hapo, wakizungumza juu ya mama yao kana kwamba yuko jikoni.

Fimbo ya baba msiiache msituni. Apewe mdogo wako aende nayo kupalilia. Nawe ukishapata ile namba ya makutano, niandikie. Nami huenda Karura mara kwa mara, nitapita kumsalimu mwalimu.