Kompyuta ya mtumba, uipige testi masaa mangapi?

SWALI: Kaka Fundi, asalaam aleikum. Nimenunua kompyuta sita za ex-UK, i5 zenye RAM ya GB 8, nataka kufungua saiba hapa Kisauni. Mwenye duka kanipa dhamana ya siku saba tu. Kijana aliyezileta alizipiga testi dakika kumi mbele yangu akasema ziko poa, lakini shemeji yangu anashikilia lazima ziende wiki nzima bila kuzimwa ndio uziamini. Nimsikilize nani?
Mama Saiba, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam dadangu, na hongera kwa biashara. Dakika kumi ni kidogo sana, na hiyo wiki nzima utalipa stima bure halafu dhamana yenyewe iwe ishakwisha. Mimi nakwambia kila mashini ipe usiku mmoja wa memori (ndio hiyo RAM) na mchana mmoja wa prosesa (ndio hiyo i5, ubongo wa kompyuta), diski uiweke hapo katikati, na ukizianzisha zote sita pamoja siku mbili tatu umemaliza.

Kwa nini dakika kumi hazitoshi? Mashini ikianza kazi nzito, chuma cha kupoza prosesa na hewa ya ndani ya boksi vinachukua muda kupata joto, kwa kawaida joto linatulia baada ya nusu saa hivi, kwa hivyo huyo kijana alizima kabla kompyuta haijachemka, hapo hakupima kitu.

Anza na memori kwa sababu ndio inayodanganya watu zaidi. Chukua MemTest86, programu ya kupima memori, iweke kwenye flashi, mashini iwashe kutoka kwa hiyo flashi kabla ya Windows kuingia. Ile ya bure inakupa raundi nne. Iwashe baada ya Isha, ukiamka Alfajiri utakuta jibu kwenye skrini. Na hapa naomba unielewe vizuri: kosa moja ni kosa. Usikubali mtu akwambie "ah, ni moja tu kati ya raundi zote," maana hilo moja ndilo litakaloangukia fomu ya ushuru ya KRA ya mteja wako, namba ibadilike na isevu hivyo hivyo, na hakuna atakayejua mpaka siku ya balaa. Ukiona kosa, zima, chomoa vipande vya RAM, visugue zile meno za shaba kwa ufutio wa penseli polepole, rudisha kimoja kimoja kwenye tundu lile lile upige testi tena. Hapo utajua kama kibovu ni kipande au ni tundu la bodi. Na stima ikikatika katikati, anza upya.

Prosesa sasa. Tumia Prime95, programu ya wale wanaosaka namba tasa kubwa tangu 1996. Uzuri wake ni kwamba majibu ya hesabu inazokupigia inayajua tayari, kwa hivyo prosesa ikikosea hata mara moja inasimama na kusema, haingoji mpaka mashini igande. Ndani yake kuna aina za testi za kuchagua: piga Small FFTs saa moja, hiyo ndio inayotoa joto kali, halafu Blend masaa yaliyobaki maana inagusa na memori pia.

Lakini fanya mchana, na fanya kwenye chumba chenyewe cha saiba! Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu watu wa pwani tunaumia hapa. Duka la mjini lina AC, pengine nyuzi 24, na chumba chako mwezi wa pili saa nane mchana kinafika 32 bila shida, na hizo nyuzi 8 zilizoongezeka prosesa nayo inapanda karibu hizo hizo. Fungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto la prosesa, utazame. Ikikaa 75 au 80 mchana kutwa, mshukuru Mungu. Ikipita 95 inaanza kujipunguza mwendo, na mara nyingi dawa yake ni kupuliza vumbi na kubadilisha ile pesti iliyokauka juu ya prosesa, si lazima uirudishe dukani.

Diski ni rahisi, fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, ikionyesha rangi ya njano au nyekundu irudishe. Kisha piga testi ndefu ya SMART, yaani diski ijipime yenyewe, na diski ya GB 500 inachukua kama saa moja unusu au mbili. Kadi ya picha achana nayo, saiba haina haja.

Ukimaliza yote zima mashini, iache ipoe usiku kucha, uiwashe asubuhi. Kuna pawa saplai chovu zinazovumilia masaa kumi zikiwa moto halafu zinakataa kuwaka zikiwa baridi, hizo testi ya mfululizo haizikamati, na shemeji yako angezimaliza wiki bila kuziona.

SWALI: Fundi, mimi naogopa hizi testi zitaniunguzia mashini yangu. Ni kweli?
Msomaji, Changamwe

JIBU: Ndugu yangu, prosesa za sasa zikizidi joto zinapunguza mwendo zenyewe, zikizidi sana zinazima. Wa kuogopa ni pawa saplai mbovu, kwa hivyo saa ya kwanza usiondoke hapo, ukisikia harufu ya kuungua chomoa waya ukutani. Kama itakufa, afadhali ife ndani ya siku za dhamana, na skrini ikitoa kosa ipige picha kwa simu, tarehe ionekane, mwenye duka asipate la kubisha.